Lubisi ya Baba Yavuka Busisi

Mwaka jana rafiki wa baba alifungua baa Geita, akamwalika baba kwenye ufunguzi, na baba akauharibu kwa pumzi moja tu ya maneno. Naanzia hapo kwa sababu yote yaliyonipata baadaye, pamoja na kulowa pombe mbele ya askari nikiwa nimevaa sare ya shule, yalitokana na pumzi hiyo.

Rafiki huyo namwita baba mdogo, ingawa hatuna damu moja. Yeye na baba ni watu wa Kagera. Walikuja Mwanza wakiwa vijana, wakaajiriwa kiwanda kimoja, na tangu nipate akili nimewaona wakikanyaga lubisi pamoja nyuma ya nyumba yetu hapa Buzuruga.

Kwa asiyeijua, lubisi ni pombe ya ndizi. Ndizi zinaivishwa, zinamenywa, zinatiwa ndani ya gogo lililochongwa kama mtumbwi. Kisha wanaume wawili wanaingia humo miguu mitupu, wakiwa wamenawa (mama husimamia jambo hilo mwenyewe, kwa sabuni), wanakanyaga ndizi pamoja na majani makavu mpaka maji yake yatoke. Yanachujwa, yanatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, yanafunikwa kwa majani ya mgomba. Kesho yake ni pombe. Keshokutwa ni pombe kwelikweli. Ukichelewa zaidi ya hapo ni siki, ukaitie kwenye kachumbari. Lubisi haina chupa, haina lebo, haina subira. Ukiitaka, uifuate ilipo.

Majirani zetu wengi ni Wasukuma. Siku baba alipolileta lile gogo walidhani ni mtumbwi wa kuvulia, wakamuuliza kwa heshima zote, "Mzee, na ziwa utalileta lini?"

Basi likaja soko huria. Likaja na mitumba, na redio za spika mbili, na wajomba waliogundua ghafla kwamba wao ni wafanyabiashara. Kiwandani likaja na neno "kupunguza". Baba akabaki. Baba mdogo akapunguzwa. Hakulia wala hakulalamika. Alichukua kiinua mgongo chake akaenda Geita, mahali ambapo watu huchimba dhahabu mchana kutwa na wakitoka shimoni hawana swali lingine ila kinywaji kiko wapi. Huko akafungua baa. Si kilabu, baa: yenye kaunta, wavu wa chuma, jokofu la mafuta ya taa, na bia za makopo kutoka Afrika Kusini.

Mama alikuwepo siku ya ufunguzi, ndiye aliyenisimulia. Baba alikalishwa mbele kama mgeni rasmi. Baba mdogo mwenyewe, amevaa tai, akamletea kopo la kwanza juu ya sinia. Watu wote wanamtazama mgeni rasmi. Baba akalipokea, akaligeuza, akaligonga kwa kidole kama anayebisha mlango, akauliza, "Hodi? Wenyewe wapo?"

Watu wakacheka. Kama angeishia hapo, mimi nisingekuwa na cha kuandika. Lakini baba yangu akisikia watu wanacheka huwa haishii hapo. Akasema, "Samahani, ndugu zangu. Mimi sinywi kitu kilichozikwa ndani ya bati."

Wachimbaji walicheka mpaka wakapiga meza. Baba mdogo alibaki amesimama na sinia lake na tai yake. Mama anasema alitabasamu vizuri sana, na kwamba hilo ndilo lililomtisha. Tangu siku hiyo hakuleta salamu, hakuandika, hakupita.

Baba alijifanya hakuona. Miezi ya mwanzo alikuwa akisimulia kile kichekesho cha hodi kwa kila aliyekaa chini. Baadaye akakisimulia kwa sauti ndogo. Mwisho akaacha.

Tatizo ni kwamba gogo linataka watu wawili. Mtu mmoja akikanyaga ndizi zinakimbilia upande wa pili, unazifuata, zinarudi, mnashinda mnakimbizana kama kuku na mtoto. Ikabidi baba amwombe jirani yetu mmoja, Msukuma, mtu mwema kuliko wote mtaani. Jirani alikubali kwa moyo wote, na kwa miguu yote. Kwao alikuwa mcheza ngoma wa kusifika. Aliingia ndani ya gogo kana kwamba kuna kundi la wapinzani upande wa pili wa uwanja. Ndizi ziliruka mpaka ukutani, mpaka kwenye shuka za mama. Kisha akinywa kikombe kimoja, analala. Baba anabaki ameketi ukingoni mwa gogo lake na kibuyu chake, peke yake, jua likiwa bado kali.

"Baba yako siku hizi anaongea na gogo," mama aliniambia jikoni.

"Anasema nini?"

"Nitajuaje? Linamjibu yeye tu."

Ndipo mwezi Novemba, shule imefungwa, akaja mtu kutoka Geita na habari. Baba mdogo anajenga kwao Kagera, atahama na familia yake yote kabla ya Krismasi. Watu walimuuliza kama atapitia Mwanza apande meli, awaage wenzake. Akajibu kwamba Mwanza hana mtu, atapita Biharamulo kwa barabara.

Baba aliposikia hivyo aliendelea kula. Alikula mpaka akamaliza, akanawa, akasema, "Nitampelekea lubisi."

Hapo inabidi nieleze desturi moja, na anayetaka kucheka acheke mapema. Kwetu, anayeleta pombe huinywa kwanza mbele ya anayepewa, apate kuona kwamba haina neno. Mtu wa nyumba iliyotoa akishaonja, aliyeletewa hawezi tena kukataa. Akikataa ni kama kusema nyumba ile ni ya wachawi. Na ukishakunywa pombe ya mtu huwezi kumpita bila kumsalimu. Kwa hiyo shauri zima la baba lilikuwa jepesi: lubisi ifike Geita ikiwa hai, mtu wa nyumba yetu aionje mbele ya baba mdogo, naye ainywe. Asipokunywa, basi, ni Biharamulo na hawataonana tena.

"Nenda mwenyewe," mama alisema.

"Akinifukuza mimi, yameisha. Akimfukuza mtoto, aibu ni yake."

"Mtoto gani?"

Wote wawili wakanitazama. Kaka yangu hakufikiriwa hata kidogo. Mama alisema angeonja njia nzima, Geita kingefika chombo kitupu. Nikabaki mimi. Mimi ambaye mwalimu wa darasa ameniandikia kwenye ripoti "mpole mno, ajitahidi kuongea". Mimi ambaye nikitumwa dukani na kuna foleni, narudi nyumbani kusema chumvi imekwisha.

"Unampeleka mtoto aliyepata kipaimara akanywe pombe baa?" mama aliuliza.

"Aonje. Kuonja si kunywa. Hata padri anaonja."

"Padri ana upadri."

"Na huyu ana baba." Akanigeukia. "Ukifika, amkia. Kisha useme hivi, usizidishe wala usipunguze: *Baba amechoka kunywa peke yake.* Halafu mimina, onja, mpe. Basi. Kuna ugumu gani?"

Nilitaka kumwambia kwamba kama hakuna ugumu angeisema mwenyewe mwaka mzima uliopita. Lakini mimi ni mpole mno.

Walikanyaga Alhamisi, jirani akiwa na furaha ya mwenye harusi. Ijumaa jioni mama akaleta kibuyu kikubwa na jani la mgomba la kuzibia mdomo, kama inavyosafirishwa lubisi tangu watu wawe na migomba. Baba akakataa. Alikuwa amenunua dumu jipya la plastiki, jeupe, lenye mfuniko wa kuzungusha na mpira ndani yake.

"Kibuyu?" alisema. "Nipeleke kibuyu kwa mtu mwenye jokofu? Ili aseme mimi mshamba?"

Yaani mtu aliyeitukana bia kwa kufungiwa ndani ya bati, akaenda akanunua chombo cha kuifungia ya kwake. Wala hakuishia kwenye mfuniko. Akazungushia juu yake utepe wa mpira wa baiskeli, akauvuta kwa meno.

"Hicho kitu kinapumua," mama alisema.

"Kitapumua Geita."

Asubuhi mama alinivalisha sare, blauzi nyeupe na sketi ya bluu, kwa sababu, alisema, mwanafunzi haguswi na mtu njiani. Nikakaa kwenye basi nimelikumbatia dumu mapajani. Barabara ya Geita mnaijua. Kwa asiyeijua: ni kama kupepetwa. Lubisi nayo, ambayo ikitulia tu inachemka, ilipepetwa pamoja nami tangu Mwanza hadi Kigongo. Kila nikilitazama dumu lilikuwa limebadilika umbo. Lilipoteza kona zake. Likawa duara.

Kigongo abiria huteremka, wanaingia pantoni kwa miguu, basi linafuata. Nikateremka na dumu kichwani. Mama mmoja muuza samaki akalitazama, akanitazama, akasogea pembeni.

"We binti, hilo dumu lako linaumwa."

"Hapana, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Linaumwa. Liangalie tumbo."

Askari aliyekuwa akikagua mizigo alimsikia. Akaniita. Nikalishusha dumu mbele yake, na lilipogusa ardhi likatoa mlio, *nnyii*, kama mlango wa kanisa.

"Nini humo?"

Nilikuwa na majibu mengi mazuri. Nililotoa lilikuwa, "Ndizi."

"Ndizi? Humu ndani?"

"Maji yake."

"Fungua."

"Afande, baba amesema nisifungue mpaka Geita."

"Baba yako ndiye anayelinda kivuko hiki?"

Sikuwa na haja ya kufungua. Nilikata utepe wa mpira tu, kazi nyingine lubisi ikaifanya yenyewe. Mfuniko ulipita karibu na sikio la afande ukaenda kuanza maisha yake mapya ziwani. Pombe ikapanda, povu na pumba za mtama, ikamshukia afande kwenye kofia na mimi kifuani, kichwani, na kwenye ile nembo ya shule yenye maneno ya Elimu na Nidhamu. Foleni nzima ikacheka kwa pamoja, na mimi nikaomba ziwa lipande kidogo linifikie.

Afande alitoa kofia. Akaitazama. Akapitisha ulimi kwenye mdomo wa juu, polepole, akaonekana anafikiri.

"Ndizi," alisema.

"Ndiyo, afande."

"Mtama mmeunguza. Ondoka hapa, mwanafunzi. Unanuka kilabu."

Yule mama wa samaki ndiye aliyenisaidia. Alichomoa jani la mgomba kutoka kwenye kapu lake, akalikunja, akaziba mdomo wa dumu bila kulibana. "Liache liheme," alisema. "Nani huyo mjinga aliyelinyonga?" Nikamjibu kwamba ni baba. Akasema aa, basi, na hatukuzungumza tena mpaka Busisi, ng'ambo ya pili.

Dumu lilikuwa limebaki nusu. Kuanzia Busisi hadi Geita hakuna abiria aliyekaa karibu nami, kwa hiyo nilikuwa na kiti kizima, nikapata nafasi nzuri ya kurudia ile sentensi yangu. *Baba amechoka kunywa peke yake.* Niliirudia mpaka ikapoteza maana. Nilipofika nilikuwa nimeisahau.

Baa niliiona kwa mbali, imepakwa rangi ya kijani na kuandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni ya daraja la kwanza. Ndani kulikuwa na wachimbaji wenye mabuti ya tope, na nyuma ya wavu baba mdogo. Hakuwa na tai. Alikuwa amenenepa kidogo, na alikuwa akipanga glasi ndani ya boksi la kuhamia. Alipoiona sare akasema bila kuinua macho vizuri, "Wanafunzi hawaruhusiwi humu."

"Shikamoo, baba mdogo."

Akainua macho. Akaniona mimi, akaona dumu, akaona jani la mgomba. Nadhani hapo alijua kila kitu, maana uso wake ulifungwa kama duka siku ya msiba.

"Marahaba. Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Umekunywa?"

"Nimemwagikiwa."

Wachimbaji walikuwa wameacha kuongea. Hakuna kitu ninachokiogopa kama watu walioacha kuongea. Nilifungua mdomo niseme sentensi ya baba, haikuwepo. Nikaufunga. Baba mdogo akatoka nyuma ya wavu, akachutama mbele ya dumu, akaligonga kwa kidole.

"Hodi?" alisema. "Wenyewe wapo?"

Kisha akasimama. "Mwambie baba yako mimi sinywi kitu kilichofungiwa kwenye plastiki. Soda utakunywa? Kaa pale, basi la kurudi ni kesho, mama yako mdogo atakupa pa kulala." Akarudi nyuma ya kaunta kwenye glasi zake.

Yaani yaliisha hivyo. Nilikuwa nimetumwa jambo moja tu katika maisha yangu, na lilikuwa limenishinda kwa muda wa kunywa soda. Sijui nilipata wapi miguu. Nilizunguka kaunta mpaka kwenye boksi lake, nikachukua glasi moja, nikamimina, nikasimama mbele yake, nikanywa.

Kuonja ni tone la kulowesha ulimi, kila mtu anajua. Lakini niliogopa kwamba nikiitoa glasi mdomoni itabidi niongee. Kwa hiyo sikuitoa. Nilikunywa yote, glasi ya bia, mpaka pumba za mwisho. Ilikuwa kali, chachu, na ina ladha ya moshi. Mchimbaji mmoja akasema, "Huyu kidato cha ngapi?" Mwingine akapiga makofi.

Halafu nilicheua, na ile sentensi ikarudi.

"Baba amechoka kunywa peke yake," nilisema.

Ningenyamaza hapo ningekuwa nimefanya kazi yangu kikamilifu. Lakini inaelekea mimi ni mtoto wa baba yangu.

"Na mama anasema anaongea na gogo. Na ile hodi alishaacha kuisimulia, sasa mtu akiitaja anatoka nje. Na dumu hili alilinunua ili usimwone mshamba, tukamwambia litalipuka, na limelipuka, nimemlowesha askari. Na wanasema utapita Biharamulo. Baba hajasema kitu. Alikula ugali wote akanawa."

Hayo yote kwa sauti, mbele ya wanaume wenye mabuti. Nilipomaliza masikio yangu yalikuwa ya moto kama pasi.

Sasa baba mdogo hakuwa na pa kutokea. Nilikuwa nimeonja, tena mpaka chini. Akachukua glasi ileile, akamimina kidogo, akanusa. Akanywa. Akaisukuma ndani ya mdomo upande huu na upande ule. Macho yake yakawa madogo.

"Ni mbaya," alisema.

Akamimina tena, akajaza.

"Ni mbaya kabisa. Mtama ameuchoma. Nani alikanyaga naye?"

"Jirani yetu, Msukuma. Mcheza ngoma."

"Mcheza ngoma!" Akapiga kelele kuelekea uani, "Mama watoto! Njoo! Njoo uone msiba walioufanya Buzuruga!" Mama mdogo akaja akifuta mikono, akaonja, akasema kwamba amekunywa maji ya kuoshea vyungu yenye ladha kuliko hiyo, akaomba aongezewe. Wakatumwa watoto kumwita mwalimu mmoja wa kwetu, na nesi mmoja wa kwetu, na fundi cherehani ambaye siku nyingi hakuwa ameonja kitu cha nyumbani. Walikuja mbio. Walisimama kulizunguka dumu la nusu, kila mmoja na tone lake, wakaitukana lubisi ya baba kwa Kihaya na kwa Kiswahili mpaka ikaisha. Fundi cherehani aliinamisha dumu, akaligonga kitako, akapata matone machache, akafumba macho. Makopo ya bia yalikaa ndani ya jokofu yamepoa vizuri sana, hakuna aliyeyataka.

Kesho yake basi liliponishusha stendi ya Buzuruga, baba alikuwa hapo na baiskeli yake, anajifanya anakaza mnyororo ambao haukuwa na tatizo lolote. Hakunitazama.

"Umefika."

"Nimefika. Shikamoo."

"Marahaba." Akakaza. "Alikunywa?"

"Alikunywa."

Mkono wake ukasimama juu ya mnyororo. "Akasema nini?"

"Amesema ni mbaya."

"Mbaya?"

"Mbaya kabisa. Amesema mtama umeuchoma. Amesema unakanyaga kama mtu anayezima moto wa jirani asiyempenda. Amesema kama ulishasahau kazi ungeuliza, si kuaibisha watu wa Kagera mpaka kwa maaskari."

Baba aliinuka. Sijawahi kumwona mtu aliyetukanwa akiwa na uso ule. "Sema tena," alisema. Nikasema tena. "Si hivyo, hukuvuta vizuri. Yeye husema *a-si-yem-pe-nda*, hivyo." Akaisema mwenyewe kwa sauti ya baba mdogo, mara ya kwanza, mara ya pili, akicheka mpaka wapiga debe wakageuka.

"Na amesema atapita huku," nikamaliza. "Jumamosi. Atakuja mapema, mkanyage kabla hajapanda meli. Amesema usiguse mtama mpaka afike."

"Jumamosi! Na ndizi ziko wapi?" Akarukia baiskeli, akaelekea mjini, bandarini, kuulizia meli ya Bukoba imeleta nini. Alikuwa amefika kwenye kona kabla ya kukumbuka kwamba amemwacha binti yake stendi, na begi, na dumu, na sare inayonuka kilabu. Hakurudi. Alinipigia kengele tu.

Nikajitwika dumu, nikaanza kupanda kuelekea nyumbani, nikiwaamkia wazee wote wa mtaa mmoja mmoja, kwa mbali.